Besi ya Vumbi Jeupe

Jumanne, saa sita mchana, niliegesha lori la gesi nje ya nyumba ya mteja ambaye hakuwepo, nikaunganisha simu na redio ya lori na kuanza kusikiliza albamu yetu ikiwa besi tupu, bila gitaa, bila ngoma, bila mwimbaji. Ilipofika saa sita na robo nilikuwa nimeshajua kwamba anayepiga si mimi.

Jina langu Weldon Hruska. Nilikuwa mpiga besi wa Caliche, bendi ya metali ya Wichita Falls, Texas, na kama hujawahi kutusikia usijilaumu. Hata enzi zetu, mama mzazi wa mwimbaji wetu alikuwa akijifanya anaumwa kichwa kila tulipopiga karibu na kwake. Ila wanaotupenda wanatupenda kufa. Wapo waliojichora jina letu shingoni, na jina lenyewe ni la udongo tu, ule mweupe mgumu wanaoumwaga kwenye barabara zetu za mashambani, unaokuingia kooni kiangazi chote.

Tulianza mwaka 1987, vijana wanne tusio na akili. Royce Tackett gitaa, Beto Arredondo ngoma, Tully Voss akiimba, na mimi. Miaka mitatu ya kwanza tulipiga mbiombio, tukavaa suruali za kubana na kupulizia nywele dawa mpaka zikasimama. Sitaki kuizungumzia sana hiyo. Halafu kiangazi cha 1991 tukawa tunafanyia mazoezi kwenye banda la bati la baba yangu, banda la pamba, na joto lilikuwa haliruhusu mtu kwenda mbio. Royce akalegeza nyuzi zake hadi zikawa zinapigapiga mbao, Beto akapunguza mwendo nusu, na mimi nikaingia nyuma yao. Tukatazamana. Vichwa vyenyewe vilikuwa vimeanza kutikisika. Ilikuwa metali nzito kama ya wengine, lakini ilikuwa na kiuno. Wiki iliyofuata Tully alinyoa nywele zote, na ndivyo Caliche ilivyozaliwa.

Kuna jambo moja la kuelewa kuhusu muziki wetu. Besi na gitaa hupiga kitu kilekile, noti kwa noti, na vyote viwili hukaa juu ya ngoma ya mguu. Ukisikiliza huoni mpaka. Ni ukuta mmoja unaotembea. Ndiyo maana mtu anaweza kusikiliza rekodi miaka thelathini akaamini anajisikia mwenyewe, kumbe anamsikia mwenzake.

Albamu iliyotutoa ni Vumbi Jeupe, ya 1994. Baada ya hapo tulikaa barabarani miaka kumi na moja, maonyesho elfu moja na mia na kitu. Binti yangu alizaliwa nikiwa Ujerumani. Niliambiwa kwa simu ya ukutani, nyuma ya jukwaa, kidole kimoja kikiwa kimeziba sikio la pili. Mama yake, Arlene, alinivumilia hadi mtoto alipoanza shule, kisha akachoka, na simlaumu. Bendi ilikufa mwaka 2005 kwenye kituo cha mafuta Amarillo, Tully na Royce wakigombea nani akae kiti cha mbele cha basi. Tully akashuka na begi lake. Sasa anauza nyumba Oklahoma. Beto anafundisha bendi ya shule ya sekondari San Angelo. Mimi nasambaza gesi kwenye mashamba, naishi na televisheni, na kila nilipojiuliza niliifanyia nini miaka yangu nilikuwa na jibu moja tu, Vumbi Jeupe. Hilo lilinitosha. Nililitegemea kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Sasa kampuni inaitoa upya kwa kutimiza miaka thelathini. Binti mmoja wa ofisini kwao, Paige, mwenye heshima zake, alinitumia nyimbo zikiwa zimetenganishwa, kila chombo peke yake, ili mashabiki wa dunia nzima wajifunzie. Akaniambia Jumamosi watakuja watu wa kamera nyumbani kwangu. Nitakaa kwenye kiti na besi yangu niwaonyeshe watu jinsi nilivyopiga wimbo wa nne, Chumvi ya Ng'ombe. "Wapiga besi wanakuita mwalimu wao, mzee wangu," aliniambia. Nilikata nywele kwa ajili ya jambo hilo.

Basi nikawa ndani ya lori, nikisikiliza. Kitu cha kwanza kilichonishtua kilikuwa mlio mdogo mwanzoni mwa kila noti, tk, tk, tk. Nikadhani ni spika za lori. Nikarudisha nyuma. Ulikuwa mlio wa plastiki, kile kipande kidogo cha kukwaruzia nyuzi ambacho wapiga gitaa hukipoteza kila siku na kukikuta kwenye mashine ya kufulia. Mimi sijawahi kupiga besi kwa plastiki maishani mwangu. Napiga kwa vidole viwili, na Royce alikuwa akinitania kwamba napapasa kama daktari wa ng'ombe.

Kitu cha pili kilikuwa kibaya zaidi. Kila noti ilikuwa imeangukia palepale ngoma inapopaswa kuwa. Mimi ujanani nilikuwa nachelewa. Kidogo tu, huwezi hata kupima, lakini Beto alikuwa akisema ananisikia nikija nyuma yake nikiburuta viatu. Huyu wa kwenye redio hakuburuta kitu.

Nikakumbuka vizuri sana. Tulirekodi Dallas, mtayarishaji wetu akiwa mtu mmoja aitwaye Gaines Pruitt, aliyevaa miwani mieusi ndani ya nyumba. Nilirekodi besi yote kwa siku tatu. Siku ya nne, Jumatano, kaka yangu alipiga simu studio kwamba baba ameanguka kwenye trekta na hakuinuka. Niliondoka na nguo nilizovaa, besi nikaiacha kwenye stendi yake. Nilikaa nyumbani siku nane. Tulimzika, tukala vyakula vya akina mama wa kanisani mpaka friji ikakataa kufungika, kisha nikarudi Dallas. Wakaniweka kwenye kochi la ofisini kwa Gaines wakanipigia wimbo wa nne kwa sauti kubwa, nikalia. Nikasema, "Jamani, kweli huyu ni mimi?" Royce alikuwa anatazama sakafu, nami nikafikiri analia na mimi kwa ajili ya baba.

Nikachukua kaseti moja nikaenda nayo nyumbani kujifunza, maana sikukumbuka kama nilipiga kwa unyoofu vile. Nilidhani ni majonzi yamenisahaulisha. Nikajifunza mpaka nikawa najiiga mwenyewe bila kosa, kama nilivyoamini, kila siku kwa miaka kumi na moja.

Nilimpigia Beto palepale kwenye lori.

"Beto, nani alipiga besi kwenye Vumbi Jeupe?"

Nyuma yake matarumbeta ya watoto wa shule yalikuwa yanatafuta noti moja na kila moja linaipata kwake. Yakanyamaza. Nadhani aliwaashiria.

"Si uongee na Royce," akasema.

"Nakuuliza wewe."

"Na mimi nakwambia ongea na Royce. Mimi mpiga ngoma, bwana. Zangu nilimaliza Jumatatu nikaenda kula."

"Kwa hiyo ulijua."

"Weldon, wote tulijua. Hata yule dada wa mapokezi alijua."

"Miaka thelathini, Beto."

"Ulikuwa umetoka kumzika mzee wako, wewe. Nani angekwambia? Umekaa pale kwenye kochi unalia, eti kweli huyu ni mimi. Ungekuwa wewe ungesema nini? Tukasema wiki ijayo. Wiki ijayo tukasema mwezi ujao. Halafu watu wakaanza kujichora shingo. Ungeingilia wapi hapo?"

"Mlikuwa mnacheka?"

"Hapana," akasema. Kisha, kwa kuwa ni Beto na hawezi kusema uongo hata wa kumsaidia mtu, akaongeza, "Tully alicheka mara moja. Nilimtupia kiatu."

Nilikata simu. Mteja hakutokea. Nilikaa na mikono kwenye usukani nikitafuta mtu wa kumwambia, na nikagundua kwamba watu wote ambao wangeelewa uzito wa jambo hili walikuwa wameshalijua tangu mwaka 1994. Wengine wote wangeniambia ni besi tu. Binti yangu angesema hivyo, kwa upole, huku anapika. Sijawahi kuwa mpweke kama saa ile, na mimi si mgeni wa upweke, tunafahamiana vizuri.

Alhamisi baada ya kazi niliweka besi kwenye gari nikaenda kwa Royce, upande wa Henrietta. Tulikuwa hatujaonana miaka miwili, tangu alipopata kiharusi. Nilikwenda hospitali mara moja, nikakaa dakika kumi, nikasema mambo ya mpira. Ni aibu yangu hiyo, naijua.

Mke wake, Nadine, ndiye aliyefungua.

"Shemeji. Umekonda, au ni shati?"

"Ni shati."

"Muongo. Kaa ule kwanza, ndipo mgombane."

"Nani kasema tutagombana?"

"Beto kapiga simu," akasema, akaniwekea maharage na mkate wa mahindi, akachukua funguo zake na kwenda kwa dada yake. Nadine ana akili kuliko bendi nzima.

Royce alikuwa sebuleni, kwenye kiti kinachoelekea ukuta wa magitaa. Yalikuwa kumi na mawili, yamefutwa vumbi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala pajani, vidole vimejikunja, haufunguki. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira njia nzima, maneno nimeyapanga vizuri, na ule mkono ukanivuruga. Nilimchukia, na papo hapo nikaona jinsi nilivyokuwa nimemkumbuka.

"Nilimwambia yule binti wa kampuni asikutumie faili la besi," akasema. Sauti yake ilikuwa inavuta upande mmoja.

"Ndiyo kazi yenyewe, Royce. Wanazitoa kwa watu wote."

"Najua. Nilimwambia hata hivyo."

"Plastiki. Ungepiga hata kwa vidole, bwana. Ungenidanganya kwa adabu."

"Nilikuwa na masaa manne. Vidole vyangu vingetoka malengelenge." Kisha akasema lote moja kwa moja, kama mtu aliyekwisha kulirudia kichwani mara nyingi. "Gaines alisema tunakusubiri kila pigo. Alisema albamu nzima inamsubiri mtu mmoja. Ijumaa studio ilikuwa ya watu wengine. Nilimwambia tukungoje, akasema basi tutoke. Besi yako ilikuwa pale kwenye stendi. Nikaichukua."

"Ulikuwa na namba ya nyumbani."

"Nilipiga. Shangazi yako akasema mko kanisani."

Hilo sikulijua. Shangazi Agnes hakuniambia, au aliniambia nami sikusikia. Siku zile sikuwa nasikia kitu.

"Nilijaribu kukuiga," Royce akasema. "Nilikusikiliza wimbo wa nne mara ishirini kabla sijapiga. Ile noti unayoteleza kabla ya kiitikio, ile watu wanayoiandikia makala, ni yako. Uliikosea, mimi nikaikosea vilevile."

"Asante kwa kuniachia kosa."

"Ndilo zuri kuliko yote."

"Tepu zangu ziko wapi?"

"Weldon."

"Nauliza. Zile siku tatu zangu. Gaines lazima aliziweka mahali."

Akatazama ule mkono wake. "Tepu ilikuwa na njia za sauti ishirini na nne tu, unajua mwenyewe. Tully kazijaza na mayowe yake. Besi ilikuwa na njia moja. Ili yangu iingie, yako ilibidi ifutwe. Nilipiga juu yako."

Niliinuka nikaenda dirishani. Nje kulikuwa na pampu ya mafuta inainama na kuinuka katikati ya shamba, na ng'ombe wawili wamesimama karibu nayo bila sababu. Iliniuma, nami nikamwambia kwamba imeniuma. Nilimwambia nilikosa kumwona mtoto wangu akizaliwa kwa ajili ya rekodi ile. Nilimwambia kuhusu Arlene, ingawa anajua, kwa sababu nilitaka alisikie likiwekwa kwenye mzani mmoja na masaa yake manne. Hakujitetea. Afadhali angejitetea.

"Sema unachotaka," akasema. "Ukitaka niwaambie watu wa kampuni, nitawaambia. Nitaandika."

"Sitaki uandike. Jumamosi wanakuja na kamera nipige Chumvi ya Ng'ombe. Nataka nipige yangu. Ile ya kabla yako. Angalau kokote kule duniani iwepo mara moja."

"Basi ipige. Nikuhesabie."

Nilileta besi kutoka kwenye gari. Ilikuwa ileile. Royce alianza kupiga mguu wa kulia sakafuni, mdundo wa Beto, ule wa kiburi, na nikaingia. Nilipiga mzunguko mmoja, mizunguko miwili. Mikono ilijua njia bila mimi, na kwa dakika nzima nilijisikia vizuri kuliko nilivyojisikia wiki ile yote. Nikamtazama Royce anionyeshe kwa kichwa, kama zamani.

Mguu wake ukasimama. "Hiyo ni yangu," akasema.

"Najua. Nilikuwa napasha moto."

Akahesabu tena. Safari hii nikavuta nyuma, nikaiacha ngoma ipite kwanza kila pigo. Hata mimi nilisikia kwamba haikuwa sawa. Ilikuwa ya mtu anayejikokota ili aonekane.

"Unachelewa makusudi," Royce akasema. "Hukuwa unachelewa makusudi. Ulikuwa hivyo tu."

"Basi nilikuwaje?"

"Ulikuwa..." Akafunga macho. Alikuwa mtu wa mwisho aliyewahi kuisikia, mara ishirini, siku moja ya mwaka 1994. Mkono wa kulia ukapanda hewani ukakwaruza nyuzi zisizokuwepo, na wa kushoto ukatetemeka pajani ukitaka kwenda nao. "Ningekuwa na mkono ningekuonyesha. Mkono ulikuwa unajua."

"Niimbie."

Akaguna noti nne za mwanzo, kooni, ile sauti yake ikiburuta upande mmoja, nami nikainama kumsikiliza kuliko nilivyowahi kumsikiliza jukwaani. Ya tano akaipeleka mbele, palepale kwenye ngoma. Akasita. Akarudi mwanzo, akaifikia tena ya tano, na ikaenda kulekule.

"Imenitoka," akasema. "Samahani, Weldon. Nami nimeipigia juu."

Nilijaribu kufumba macho. Nilijaribu kumfikiria baba akiwa hai, Jumanne ile ya mwisho Dallas, na nilikula nini, na dirisha la studio lilikuwa upande gani. Nilijaribu kupiga kabla sijafikiri. Vidole vilikwenda vyenyewe kule vilikozoeshwa mara elfu na mia na kitu, vizuri, safi, bila kuburuta, na nikaisikia ile noti ya kuteleza ikija, ile moja iliyo yangu, na hata hiyo niliipiga jinsi alivyoniiga.

"Bado ni yangu," Royce akasema, taratibu kabisa.

"Hesabu," nikamwambia, nikaanza upya.